Pigo la Nyundo ya Mpira

Jumatatu, 4 Machi

Mhandisi kanipa madaftari mawili. La kwanza ni la kazi: kila kitu tutakachokifungua kwenye gari jeupe nikiandike jina, uzito, na kimefungwa kwa bolti ngapi. La pili ni la akiba, la kwanza likijaa. Halitajaa, kwa hiyo nimelichukua mimi. Miaka kumi na tisa kiwandani sijachukua kitu zaidi ya sabuni na kalamu moja. Daftari halitanipeleka motoni.

Gari lenyewe limeletwa jana Jumapili likiwa limefunikwa turubai, eti siri. Siri gani jamani, na magari hayohayo yamejaa mjini kama siafu? Yanatoka ng'ambo yakiwa mazima, yanashushwa bandarini kwa mamia, na bei yake haifiki hata theluthi mbili ya bei ya gari letu. Sasa Mkurugenzi kanunua moja tulivunje mpaka skrubu ya mwisho, tuone wenzetu wanapikaje. Mwezi ujao Kamati ya Ushuru inakaa, na kampuni yetu inaomba ushuru wa magari ya ng'ambo upandishwe. Tukipata ubovu humu ndani, tumepona. Tusipopata, Mkurugenzi hakusema itakuwaje. Alitazama saa yake tu.

Waliochaguliwa kutoka kitengo cha milango ni wawili: mimi na shemeji yangu, Sikio. Ni kaka wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyeniingiza hapa nilipofiwa na mume, binti yangu akiwa bado ananyonya, akanifundisha kazi kwa kunitukana na kunichekesha. Mimi nafunga milango ya kushoto, yeye ya kulia. Jina la Sikio alipewa zamani, kwa sababu alikuwa akifunga mlango mara moja na kukwambia bawaba ipi imekaa vibaya.

Mvua imeanza leo. Uwanjani kuna magari yetu mia moja na kumi na mawili yasiyo na mnunuzi. Nimeyahesabu wakati nasubiri mvua ipungue.

Jumanne, 5 Machi

Viti, zulia, dashibodi. Karakana ya zamani inavuja pembe mbili. Nimeweka ndoo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Injini imetoka. Mhandisi anapima kila kitu mpaka mpira wa wipa, na kila akipima anakunja uso. Ni kijana mpole, miwani imemzidi uso. Nilimuuliza, "Kuna ubovu?" Akasema, "Bado, Mama." Nikamwambia usijali mwanangu, ubovu haukosekani, hata mimi ninao. Hakucheka.

Jumanne, 12 Machi

Leo niandike jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Shemeji Sikio hasikii.

Halikuja siku moja. Miaka ishirini na sita ya nyundo na bati hula sikio polepole. La kushoto lilikufa zamani, la kulia linafuata, na mwaka wa tatu sasa tunafanya kazi kwa ujanja. Kazi yetu ni hivi: milango inatoka kwenye laini ikiwa haijakaa. Unaining'iniza, unaifunga, unasikiliza. Mlango mzuri husema *dup*. Mbaya husema *kang'*. Ukisema *kang'*, unachukua nyundo ya mpira, unapiga kidogo bawaba au nguzo inayoushika mlango, unafunga tena, unapiga tena, mpaka useme *dup*. Basi mimi nikiwa upande wangu husikiliza milango miwili, wangu na wake. Wake ukisema *dup*, nagonga paa mara mbili kwa kifundo cha kidole. Yeye huwa ameweka kiganja juu ya paa, anaipata hodi hiyo kwa mkono, anaweka nyundo chini. Watu wanadhani nina tabia ya kugonga paa. Kuna mwenzetu ananiita Bibi Hodi.

Kwa nini nayaandika haya leo? Kwa sababu leo tumefika kwenye milango ya gari jeupe. Nimeufunga wa kushoto kwa kidole kimoja kabla ya kuufungua bolti. *Dup.* Nimefunga mwingine, *dup*, wa tatu, *dup*. Nikakagua nguzo zote kwa tochi nikitafuta alama ya nyundo. Sikuiona.

Alhamisi, 14 Machi

Mhandisi kaazima gari la pili kwa mtu wake, jekundu, la aina ileile. Akatuambia tutoe mlango wa jekundu tuutie kwenye jeupe. Sikio akaangua kicheko. "Mhandisi, mlango si kofia! Kila gari na mlango wake." Huo ndio msemo wetu kitengoni, tunauimba tangu enzi.

Tukautia. Bolti nne. *Dup.*

Mhandisi akatupeleka uwanjani kwenye mvua, tukatoa milango ya magari yetu kumi na kuibadilisha. Hakuna hata mmoja uliofunga. Mmoja haukuingia kabisa, ulikuwa umezidi kwa upana wa kidole. Ningeweza kumwambia bila kulowa. Tumekuwa tukijisifu kwa hilo miaka yote, kila gari na mlango wake, kumbe ni ugonjwa tuliouita ufundi.

"Mama, gari moja linawachukua muda gani pale kitengoni?" akaniuliza.

"Dakika ishirini," nikasema.

Ni arobaini na tano, siku nzuri. Watu kumi na wanne tunakula kwa dakika hizo. Aliandika ishirini, na nilijua hajaamini.

Jumatano, 20 Machi

Mvua siku ya sita mfululizo. Uwanjani mia na thelathini na moja. Majani yameanza kuota kati ya magurudumu.

Alhamisi, 21 Machi

Mkurugenzi kaja karakana na viatu vyake vya ngozi, akiruka madimbwi. Gari jeupe limelala sakafuni vipande elfu mbili na ushei, kila kipande na namba yake ya chaki. Akauliza, "Tumepata nini?"

Mhandisi akasema bati lao ni jembamba kuliko letu lakini ni gumu zaidi. Wanachomelea kwa mashine, sehemu zote zina umbali sawa. Wana bolti chache. Akaongeza, kwa sauti ndogo, "Ni gari zuri, mzee."

"Sikukuuliza kama ni zuri. Mimi naona magari mia moja na thelathini yanaoza pale nje. Ninyi mnaona nini?" Akatugeukia sisi. "Watu mia nne wanakula hapa. Rudisheni mwili wa gari, milango na kila kitu. Jumatatu wapiga picha wanakuja. Nataka kuwe na kitu cha kupiga."

Ijumaa, 22 Machi

Nitaandika kama ilivyotokea.

Tulikuwa tunarudisha milango, mimi na Sikio peke yetu, Mhandisi kaenda kuchukua mizani. Mvua ilikuwa inapiga bati la paa mpaka mtu hasikii mawazo yake mwenyewe. Nimemaliza kushoto. Sikio alikuwa anafunga bolti ya mwisho ya mlango wa mbele wa kulia. Nikaona ndoo imefurika na maji yanakimbilia kwenye maboksi ya waya. Nikaikamata ndoo nikakimbia nayo nje. Nilikaa nje kiasi gani? Kumwaga ndoo tu.

Niliporudi nikamkuta kafunga mlango, kaweka kiganja chake cha kushoto juu ya paa, anangoja. Mlango ulikuwa umekaa sawasawa, niliuona kwa macho nikiwa mlangoni pa karakana. Lakini yeye hakusikia *dup*, wala hakupata hodi yangu. Mkono wa kulia ukainuka wenyewe na nyundo, kama ulivyoinuka miaka ishirini na sita. Nikapiga kelele, "Shemeji!" Nampigia kelele nani, ole wangu. Akapiga bawaba ya chini pigo moja. Si pigo kubwa. Ni lile letu la kila siku.

Gari letu lingelipokea pigo lile kama mzoefu. Lao halikutengenezwa kwa nyundo. Ile sehemu iliyochomelewa chini ya bawaba ikapasuka, ufa mwembamba wa urefu wa kucha.

Alinigeukia akitabasamu. "Umekwenda kuoga?" Nikagonga paa mara mbili. Akaweka nyundo chini, akaenda kunywa chai.

Jumatatu, 25 Machi

Mhandisi ndiye aliyeuona ufa, asubuhi, wapiga picha wakiwa langoni. Alichuchumaa pale muda mrefu.

"Mama, hapa palikuwa hivi?"

Kulikuwa na alama nyeusi ya mpira wa nyundo kando ya ufa, pana kama sarafu. Aliiona, nami niliona anavyoiona.

"Ndivyo palivyokuwa," nikasema.

Akatoa leso, akaifuta ile alama. Kisha akasimama na kumwita Mkurugenzi.

Ilikuwa furaha kama ya arusi. "Mnaona? Mnaona? Gari jipya, halijatembea hata kilomita mia tano, nguzo ya mlango imepasuka! Watoto wa watu wanapanda humu!" Picha zikapigwa. Mimi na Sikio tukasimamishwa kando ya mlango kama mashahidi. Nilipoletewa karatasi ya kutia saini nikasita, na Mkurugenzi akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, sikio halipiti kichwa. Tia saini urudi kwa watoto wako." Nikatia. Sikio akatia yake baada yangu, haraka, bila kusoma.

Najiona mchafu. Wakati huohuo najiona nimeokoa watu mia nne, na sijui nimshike yupi kati ya hawa wawili.

Jumanne, 2 Aprili

Picha yetu imetoka gazetini. Tunaishi ua mmoja, na Sikio kaibandika ukutani pa baraza lao kwa gundi. Majirani wanakuja. "Mali za karatasi!" anawaambia, sauti juu kama kawaida yake siku hizi. "Sisi tulizifungua kwa mikono hii!" Mkewe ananiuliza mbona sili. Nimesema tumbo.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua tu.

Jumatano, 17 Aprili

Kamati imekubali. Ushuru wa magari mazima ya ng'ambo umepandishwa karibu mara mbili. Laini ilisimamishwa saa tano tukakusanyika, watu wakarushana juu, mpishi wa kantini akalia. Mhandisi alisimama nyuma mikono mfukoni. Nikamsogelea. "Tumepona?"

"Umesikia walivyosoma, Mama? Magari *mazima*." Akavua miwani akaifuta. "Gari likija vipande kwenye makasha si gari. Ni vipuri. Ushuru wa vipuri haujaguswa."

Nilimwambia asituharibie siku. Lakini usiku mzima neno hilo lilikuwa linanizunguka kama mbu.

Jumanne, 30 Aprili

Uwanjani mia na arobaini. Ushuru umepanda, lakini foleni ya wanunuzi sijaiona. Watu wanasema watangoja.

Jumatatu, 6 Mei

Wageni wamekuja, watano, makoti ya mvua yanafanana. Tukaambiwa tusafishe. Nilidhani ni wa benki. Walipofika kitengoni kwetu, mmoja alikuwa na nembo kifuani, na nembo hiyo naijua. Nilikaa nayo mwezi mzima sakafuni, kipande kwa kipande.

Ni wenyewe, wenye gari jeupe.

Mhandisi ameniambia mchana, tukiwa tumesimama nyuma ya stoo. Mazungumzo yalianza mwaka jana. Wao walikuwa hawana haraka. Magari yao yalikuwa yanaingia mazima na kuuzwa, watake kiwanda cha nini? Mkurugenzi alihitaji ushuru upande ili walazimike kuja mezani. Sasa wataleta magari yao kwenye makasha, yaungwe hapa kwetu, kwenye laini yetu. Gari letu linakufa. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo walivyosema wahenga, na mimi nguo hiyo nimeishona kwa saini yangu.

"Na kitengo cha milango?" nikamuuliza.

Alinitazama. Bolti nne na *dup*. Nilikuwa nauliza ninachokijua.

Kabla hawajaondoka, wawili wao walipelekwa karakana ya zamani. Waliichuchumalia nguzo ile ya kulia kama saa nzima, wakaupima ufa, wakaupiga picha, wakaandika. Hawakubisha hata neno moja. Ningependa wangebisha.

Jumatatu, 13 Mei

Tangazo limebandikwa. Watakaobaki ni mia moja na sitini kati ya mia nne. Kitengo cha milango kinavunjwa, watu wawili watachukuliwa kwenye laini mpya baada ya kupimwa macho, mapafu na masikio.

Sikio kalisoma, akanipiga begani. "Wawili, shemeji! Basi ni mimi na wewe. Nani mwingine?"

Jumanne, 28 Mei

Siku ya vipimo. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha muuguzi. Kuna dirisha la kioo. Unavaa vitu vya masikio, ukisikia mlio unainua mkono. Nilitangulia mimi.

Alipoingia yeye nilisimama dirishani. Niliwaza nigonge ukuta, lakini nigonge nini, nami siusikii mlio? Alikaa wima kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akainua mkono. Akainua tena. Akangoja kidogo, akainua. Muuguzi alikuwa hajabonyeza kitu. Alikuwa anatafuta kalamu.

Akatoka anatabasamu. "Nimeinua mara nyingi," akasema.

Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi. Wajinga wa kitengoni walikuwa tayari wameanza: eti sikio la kufa halisikii dawa. Niliwatukana matusi ambayo siyaandiki humu.

Ijumaa, 7 Juni

Majina yametoka. Mimi nimo. Kumi na wawili wetu, pamoja na Sikio, wamerudisha ovaroli na nyundo leo mchana. Mtunza stoo alizihesabu zile nyundo za mpira akazitupa kwenye pipa. Sikio alisimama akiangalia pipa, kisha akamuuliza mtunza stoo kama anaweza kuchukua yake. Akaambiwa ni mali ya kampuni.

Tumetembea mpaka nyumbani. Picha ya gazeti bado iko barazani. Unyevu umeivimbisha.

Jumatano, 19 Juni

Mvua zimekwisha. Yale mia na arobaini yameondolewa uwanjani kwa bei ya kutupa. Yameacha mistatili ya udongo mkavu kwenye majani.

Jumatatu, 24 Juni

Leo tumefungua kasha la kwanza.

Kila kitu kimefungwa nailoni, kina namba iliyochapwa, wala si chaki. Niliutia mlango wa kushoto, bolti nne, nikaufunga kwa kidole. *Dup.* Nikahamia kulia, maana sasa pande zote mbili ni zangu. Nikainama kwenye bawaba ya chini, na mkono wangu ukakuta kitu kisichokuwapo kwenye gari jeupe. Kipande cha bati, kirefu kama kidole gumba, kimechomelewa juu ya nguzo, palepale. Nikarudi kushoto kutazama. Hakuna. Nikaangalia milango ya nyuma. Hakuna. Gari la pili, la tatu, yote: kulia, mbele, bawaba ya chini.

Mhandisi kaja na makaratasi ya wageni. Akasoma: "Kiimarisho. Kimeongezwa kufuatia taarifa ya udhaifu." Tukatazamana. Akaondoka, na nadhani alikuwa anacheka, au labda si kucheka.

Jioni nilikwenda barazani kwa Sikio. Mkewe alikuwa ndani. Nilikaa mbele yake aone midomo yangu, nikamweleza yote, kuanzia ndoo. Nilidhani atanipiga kofi. Aliifuata midomo yangu mpaka nilipofika kwenye kile kibati.

"Kinene kiasi gani?"

"Milimita mbili."

Akafikiri kama fundi anavyofikiri. "Kwa mkono wangu? Wangeweka tatu."

Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka mkewe akachungulia. Halafu akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Unadhani sikujua, shemeji? Sikio limekufa, mkono haujafa. Nilikisikia chuma kikiachia hapa." Akajishika kifundo cha mkono.

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Giza lilikuwa linaingia, na alinisogelea kidogo ili anione uso.

"Siku ile nilikungoja ugonge," akasema. "Nilingoja sana. Nilipoona hugongi, nikajua mlango haujakaa."

Akaweka kiganja chake juu ya meza, wazi, kama pale kwenye paa. Nikagonga mara mbili.